Aliyeivaa Saa ya Mzee Kuo

Mzee Kuo Chin-tu alitoka kwake kwenda kununua mchuzi wa soya. Ndivyo alivyopanga kusema akiulizwa, na alijua fika kwamba ataulizwa.

Mvua ya Keelung, mji wa bandari, ilikuwa ileile iliyoanza asubuhi, nyembamba, isiyo na haraka ya kwisha. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Hata hajamaliza ngazi za kushuka kilimani, saa ikatetemeka mkononi mwake.

"Baba, mbona unatoka na mvua hii?"

Ilikuwa sauti ya Hui-ju, binti yake wa pekee, aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Hsinchu, safari ya treni mbili kutoka hapo. Ilitoka kwenye saa wazi kabisa, kama vile binti mwenyewe amekaa juu ya kiganja.

"Nakwenda kununua mchuzi wa soya."

"Si ulinunua juzi?"

"Umeisha."

"Chupa nzima, Baba? Unakunywa?"

Mzee alikata kwa kubonyeza saa kwa nguvu kiasi cha kujiumiza kidole. Alisimama mvuani, akavuta pumzi. Utafanyaje na mtu anayejua ulipo kabla hujafika?

Saa hiyo aliletewa baada ya kuteleza bafuni. Hui-ju alimvalisha mwenyewe huku analia, na mzee akaona ni heri kukubali kuliko kuona machozi. Hakujua anakubali nini. Saa ilihesabu mapigo ya moyo wake. Ilijua kalala vipi, kaamka mara ngapi, kakaa kitako muda gani, yuko wapi. Na yote iliyoyajua ilimpelekea Hui-ju kwenye simu yake. Akienda msalani mara mbili asubuhi, anaulizwa habari za tumbo. Akiota ndoto mbaya, anaulizwa kwa nini moyo ulishtuka. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote peke yake juu ya kreni ya bandarini, ndani ya kijumba cha vioo ambako hata bosi alilazimika kupiga filimbi ili asikike, leo hana pa kujikunia.

Kuivua pia haikuwezekana. Saa ilikuwa inahisi ngozi. Aliwahi kuivua aoge kwa raha zake, na kabla hajajisuuza povu wazimamoto walikuwa wamevunja kitasa cha mlango, majirani wote wamejaa kwenye ngazi, naye kajishikia beseni mbele.

Safari yake ya jioni hiyo haikuwa ya mchuzi. Ilikuwa ya kwa A-hsiang.

A-hsiang alikuwa mjane, muuzaji wa maandazi ya samaki ya kukaanga, mwanamke mwenye mdomo mkali na kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa anamfundisha Mzee Kuo kucheza dansi sebuleni kwake, polepole, kwa kaseti za zamani, meza ikiwa imesukumwa ukutani. Hakuna aliyejua. Au ndivyo walivyodhani.

"Goti, Mzee wa kreni! Legeza goti! Unanishika kama unapakua kontena."

"Kontena halisemi sana, bibie."

A-hsiang alicheka akamkanyaga makusudi. Wakazunguka. Nywele zake zilinukia mafuta ya ufuta. Mzee Kuo alihisi moyo wake unachangamka kama wa kijana...

Saa ikalia.

"Moyo wako unakwenda kasi," ilisema kwa ile sauti yake isiyo na mtu. "Je, uko salama?"

Na kabla hajaifikia, Hui-ju akaingia: "Baba! Baba, uko wapi? Hapo si nyumbani. Moyo unakwenda mbio, una nini? Nani huyo anacheka?"

Kaseti iliendelea kuimba peke yake. A-hsiang aliachia mkono wake kama aliyeshika sufuria la moto.

"Mwambie mwanao," alinong'ona, "kwamba sijamuibia baba. Halafu wewe nenda."

"Bibie, sikiliza..."

"Nenda, Mzee Kuo. Mimi nyumbani kwangu sisikilizwi na mtu. Ukitaka kurudi, njoo bila hilo dude. La sivyo usije."

Mzee Kuo alishuka ngazi kwa hasira. Njia nzima Hui-ju alikuwa anaongea mkononi mwake. Yule mama ni nani? Anataka nini? Baba, watu wanadanganya wazee siku hizi, hujui? Mzee Kuo aliharakisha hatua. Angejibu nini? Kwamba katika umri ule bado ana moyo wa kwenda mbio kwa sababu zake mwenyewe?

Chini kabisa ya kilima alichoishi, ngazi zinapokutana na barabara, kulikuwa na kijumba kidogo cha wafu wasio na wenyewe. Kila mtu wa mtaa ule alikijua. Zamani walipochimba barabara ilifukuliwa mifupa, na kwa kuwa hakuna aliyejua ni ya nani, waliiweka kwenye mitungi ya udongo, wakaijengea paa, wakawa wanaichomea ubani mara mojamoja. Na huu ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda yao ya zamani, mwezi ambao mizimu hufunguliwa mlango kuja kula kwa walio hai. Watu wenye akili zao hawapigi mluzi mwezi huo. Hawageuki wakiitwa kwa nyuma.

Mzee Kuo alisimama pale akilowa. Mitungi ilikuwa imejipanga gizani. Mmoja wa mbele ulikuwa na sikio lililotokeza, jembamba kiasi cha mkono wa mtu.

"Baba, unanisikia? Baba, nijibu."

Alifungua mkanda wa saa kwa meno. Akauvalisha mtungi.

"Haya," alisema kwa hasira. "Wewe huna wa kukuuliza umelalaje wala umekula nini. Mimi nimechoka. Mchukue huyu binti yangu, akuulize wewe."

Alisubiri saa ipige kelele. Daima hujua ikivuliwa.

Haikulia.

Taa yake ndogo ya kijani, ile ya kutafuta mapigo, iliwaka... ikazima... ikawaka. Kisha ikatulia, ikawa inapepesa taratibu, kwa mpangilio.

Saa ilikuwa imepata mapigo ya moyo.

Mzee Kuo aligeuka akapanda ngazi bila kuangalia nyuma. Alijiambia mashine ni mashine, maji yameingia ndani. Akalala usingizi mzito kuliko wa miezi yote.

Wazimamoto hawakuja. Hui-ju hakupiga simu. Siku zilizofuata Mzee Kuo aliishi kama mtu aliyefunguliwa pingu. Alirudi kwa A-hsiang na mkono mtupu, akaunyoosha mlangoni kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa.

"Umeitupa?" aliuliza A-hsiang.

"Nimemwazima mtu."

"Mtu gani mjinga hivyo?"

Hakusema. Walicheza dansi. Alikula maandazi ya samaki mpaka mafuta yakamtiririka kidevuni na hakuna aliyemuuliza habari za shinikizo la damu. Kila alipopita pale chini alipita haraka, na kwa pembe ya jicho aliona kijani kikipepesa gizani. Saa ambayo haikuwahi kumaliza siku mbili bila chaji.

Kilichomsumbua ni ule ukimya. Hui-ju, mtu wa kupiga simu kwa sababu ya kikombe cha chai kilichozidi, amenyamaza kabisa? Hatimaye alimpigia mwenyewe kwa simu ya mezani.

"Haloo?"

"Hui-ju, ni mimi. Mbona kimya?"

"Kimya? Nani huyu?"

"Baba yako, nani mwingine!"

"Baba yangu nimetoka kuongea naye sasa hivi."

Mzee Kuo alikaa chini. "Umeongea naye wapi?"

"Kwenye saa. Kila siku tunaongea. Sikiliza, kama wewe ni wale matapeli wa kuiga sauti na namba za watu kwa mashine, umekosea nyumba."

"Tapeli gani? Hui-ju! Mimi saa nimeivua. Huyo siyo mimi!"

"Saa inaniambia yuko palepale mtaani kwake, usingizi wake mzuri, moyo umetulia. Haujawahi kutulia hivyo." Sauti yake ililegea kidogo, kama anajisemea mwenyewe. "Baba siku hizi ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza kazini wananitesa au la. Maisha yangu yote hajawahi kuniuliza. Jana ameniimbia mpaka nikalala. Halafu wewe unakuja na sauti yako ya ukali unataka nikuamini?"

"Mimi ndiye baba yako, mjinga wewe!"

Akakata. Mzee Kuo alipiga tena. Akapiga tena. Namba yake ilikuwa imefungiwa.

Alipiga meza kwa ngumi mpaka kikombe kikaruka. Kumbe mtu unaweza kusimama ndani ya nyumba yako, na jina lako, na makunyanzi yako, na kipande cha mpira na kioo kikaaminiwa kuliko wewe! Alifungua dirisha apate hewa. Jioni ilikuwa inaingia. Kutoka chini kabisa ya ngazi, mvua ikiwa imekatika kidogo, alisikia mtu anaimba.

Ilikuwa sauti yake.

Alishuka na mwavuli mkononi kama rungu. Goti lilimuuma kila ngazi. Kadiri alivyokaribia, wimbo ulipungua, ukawa mnong'ono, ukawa maongezi. Harufu ikamfikia. Alitegemea ubani. Alitegemea udongo. Lakini ilikuwa dawa ya kuchua ya mnanaa, ile anayojipaka magotini kila usiku.

Saa haikuwa tena kwenye sikio la mtungi.

Kifuniko cha mtungi kilikuwa kimesogea pembeni. Ndani, chini kabisa, kijani kikapepesa.

"...umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Baba," ilijibu sauti ya Hui-ju, ndogo, kutoka ndani ya udongo. "Na nimeomba ruhusa kazini. Nipo kwenye treni. Nakuja kukuona."

"Uje, mwanangu. Uje peke yako. Nitakungoja chini ya ngazi."

Mzee Kuo alitia mkono mtungini.

Aligusa unyevu. Aligusa kitu chembamba, kigumu, kama vijiti. Akaupata mkanda, akauvuta. Haukuja. Akapitisha vidole chini ya mkanda ili aufungue.

Palikuwa na joto.

Palikuwa na ngozi.

Na chini ya ngozi, mshipa ulikuwa unapiga.

Akanong'ona tu: "Nirudishie."

Kisha sauti yake mwenyewe ikamjibu kwa upole, karibu, kama mtu anayeongea na shavu limelalia ukuta.

"Ulinipa."

"Nilikuwa na hasira..."

"Ulisema nimchukue."

Alichomoa mkono na kurudi nyuma akaanguka matakoni kwenye maji. Hakumbuki alivyofika kwa A-hsiang. Anachokumbuka ni kwamba alimweleza kila kitu mlangoni, na kwamba yule mama, mwenye mzaha kwa kila jambo, safari hii hakucheka. Alimpiga kofi la bega.

"Mwezi wa saba! Mwezi wa saba unamgawa mwanao kwa mifupa! Una kichwa au una boga?"

"Simu yako. Nipe simu yako."

Walipiga. Hui-ju hakupokea namba asiyoijua. Waliandika ujumbe, haukusomwa. A-hsiang akavaa koti la mvua juu ya aproni yake. "Anakuja pale chini? Basi na sisi twende palepale. Inuka."

Waliposhuka barabarani taa zilikuwa zimeshawaka. Hui-ju alikuwa amefika tayari. Alikuwa anatembea polepole chini ya mwavuli, macho kwenye simu, akifuata kile kitone kinachomwonyesha baba yake alipo. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anaongea.

"Nimefika, Baba. Mbona sikuoni?"

"Sogea kidogo," simu ikasema. "Nipo hapa ndani. Mvua, mwanangu."

"Hui-ju!" Mzee Kuo alijitupa mbele yake, mikono imetanuka. "Usisogee!"

Binti aliinua macho. Alimwona mzee aliyelowa, matope mpaka kiunoni, anahema. Aliangalia simu. Aliangalia mzee. Na katika ule muda mfupi Mzee Kuo aliona kitu ambacho hakukitegemea kukiona katika maisha yake: mwanawe anamtazama usoni, kwa karibu, huku hana uhakika.

"Baba," alisema Hui-ju, lakini aliisema kwenye simu. "Kuna mzee hapa amefanana na wewe."

"Usimsikilize," simu ikajibu. "Njoo."

Akapiga hatua. A-hsiang alimkamata mkono, binti akafurukuta, "Niache, wewe ndiye yule mama!" na mwavuli ukaanguka.

"Nilikupandisha kwenye kreni!" alipiga kelele Mzee Kuo.

Hui-ju akasimama.

"Ulikuwa umeanza shule. Watoto hawakuruhusiwa bandarini. Nilikuficha ndani ya koti langu nikakupandisha mpaka juu, ukaiona bahari yote, ukaogopa, ukakojoa kwenye kiti changu. Ukalia nisimwambie mama yako. Nikasema sitamwambia mtu. Na sijamwambia mtu, Hui-ju. Mama yako amekufa hajui. Nilikausha kile kiti kwa gazeti."

Hui-ju alishusha simu. Mvua ilikuwa inamwingia machoni na hakupangusa. "Baba?" alisema, na safari hii alimwambia yeye.

Simu iliyokuwa mkononi mwake ikapumua.

"Asante," ilisema. "Hilo nilikuwa silijui."

Hui-ju aliitupa barabarani. A-hsiang akaikanyaga kwa kisigino cha buti mpaka kioo kikawa unga.

Kesho yake mchana walimleta mtumishi wa hekalu. Waliweka wali, kuku mzima, matunda na pombe. Mtungi ulipofunguliwa saa ilikutwa chini, imezima, mkanda wake umefungwa vizuri kwenye tundu la mwisho kuzunguka mfupa mmoja. Mtumishi alirusha vibao viwili vya kuwauliza wafu, ambavyo hujibu ndiyo au hapana kwa namna vinavyoanguka: je, inaweza kurudishwa? Vikaanguka kukataa. Akarusha tena, akabembeleza, akaongeza ubani. Vikakataa.

"Kitu kilitolewa kwa mdomo wa mwenyewe," alisema yule bwana akifuta jasho. "Mimi siwezi kukinyang'anya. Mlisheni. Mheshimuni. Labda atachoka."

"Na asipochoka?" aliuliza Hui-ju.

Mtumishi alianza kukusanya vyombo vyake.

Watu wa huduma za saa, Hui-ju alipowapigia kufunga laini, walimweleza kwa adabu kwamba saa hiyo ilizimika jioni ileile mzee alipoivua na haijawaka tangu hapo. Hawakuwa na kumbukumbu ya mazungumzo yoyote. Hui-ju aliwafokea mpaka sauti ikamkauka, wakamwomba aandike malalamiko.

Siku hizi Mzee Kuo anatembea na mkono mtupu. Anacheza dansi kwa A-hsiang mlango ukiwa wazi, anayetaka kuona na aone. Na kila jioni anampigia binti yake kwa simu ya mezani. Hui-ju anapokea, haitiki, haamkii. Anasema tu: "Niambie kitu."

Naye anamwambia. Lazima kiwe kitu cha wao wawili peke yao, kisichowahi kutajwa. Alimwambia juu ya jino lake la kwanza walilolificha juu ya paa. Alimwambia juu ya paka ambaye alimdanganya kwamba ametoroka kumbe amekufa. Yeye aliyepigania siri zake sasa anazitoa moja moja kwa kukwangua kama mtu anayefika chini ya gunia, na inamkera, inamkera sana, maana ni mwanawe na bado lazima amthibitishie kwamba yeye ndiye baba. Wakati mwingine akimaliza kusema, husikia kwenye laini mlio mdogo wa mtu anayemeza mate. Hui-ju anasema siyo yeye.

Jana goti lilimzidia. Alijichua huku akinong'ona peke yake majina ya zamani, akalala mapema, hakupiga simu.

Leo jioni alipiga. Siri zilikuwa zimebaki chache, akachagua moja aliyokuwa ameihifadhi: jina ambalo mkewe alitaka kumpa mtoto kabla babu hajachagua Hui-ju. Walilitamka wao wawili tu, usiku, tumbo likiwa bado dogo. Hata A-hsiang hajawahi kulisikia.

"Mama yako," alianza, "alitaka uitwe..."

"Wan-yu," alisema Hui-ju. "Uliniambia jana, Baba."

Mzee Kuo alikaa na mkonga wa simu sikioni. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Baba?" Sauti ya binti ilianza kubadilika. "Jana... ulipiga wewe?"

Alifungua mdomo ajibu. Kabla hajatoa neno, kwenye laini ileile, mtu akamjibu kwa upole.

"Ni mimi, mwanangu."